Ngoma ya Inul na Ngoma ya Jenerali

Mwaka 2003, katika nchi ya Indonesia, mwimbaji mmoja wa kike aitwaye Inul Daratista, mzaliwa wa Pasuruan upande wa mashariki wa kisiwa cha Java, alizusha mjadala uliowashughulisha masheikh, wabunge, wahariri na wanywa kahawa wa barazani kwa miezi mingi, na chanzo chake kilikuwa namna alivyokizungusha kiuno chake jukwaani. Miaka 20 baadaye, katika nchi iyo hiyo, jenerali mstaafu aliyekwisha kutimiza umri wa miaka 72, Prabowo Subianto, alisimama mbele ya halaiki za kampeni, akakunja mikono, akayumba huku na huku mfano wa babu anayewafurahisha wajukuu. Video za mchezo ule zikaenea katika simu za vijana, na tarehe 14 Februari 2024 akachaguliwa kuwa rais. Rai yangu ni kwamba taifa lile liliikasirikia ngoma isiyomdhuru mtu, likaichekea ngoma iliyostahili kuulizwa maswali, na kwamba sisi tunaoistaajabia burudani ya Indonesia kwa mbali, jinsi inavyokua na kuenea, hatutaielewa sawasawa tusipozitazama ngoma hizi mbili kwa pamoja.

Inul hakuletwa mjini na televisheni. Alikuwa akiimba dangdut, muziki wa ngoma, filimbi na gitaa la umeme uliozaliwa kwa kuchanganya nyimbo za Kimalay, mahadhi ya filamu za Kihindi na roki ya Kizungu, katika harusi na sherehe za tohara za vijijini. Na aghalabu shughuli hizo zilinaswa na mpiga picha wa kukodiwa, kisha picha zile, pasipo idhini ya mwimbaji na pasipo senti moja kumfikia, zikanakiliwa katika diski za video na kuuzwa kwa bei ya chini kabisa katika vibanda vya masoko ya Java, na hatimaye katika vichochoro vya Glodok mjini Jakarta, ambako kila aina ya diski ya wizi ilipatikana. Wakuu wa televisheni walipomwita studioni walikuwa wanamkaribisha mtu ambaye watazamaji wao wamekwisha kumjua sebuleni mwao. Nalitilia mkazo jambo hili kwa kuwa wengi husimulia habari za video za mtandaoni kana kwamba zilizaliwa siku simu za kugusa zilipofika, ilhali katika Indonesia tabia zote tunazozihusisha na mtandao, yaani kurekodi bila ruhusa, kunakili bila kikomo, kijiji kuutangulia mji mkuu, na sifa kumfikia mtu zamani kabla ya malipo, zilikuwa zimekwisha kukomaa katika diski ya plastiki.

Yafaa msomaji akumbuke pia jinsi mambo yalivyokuwa kabla ya hapo. Televisheni ya serikali, TVRI, ilianzishwa Agosti 1962 kwa ajili ya Michezo ya Asia iliyofanyika Jakarta. Mwaka 1976, katika enzi ya Soeharto, nchi ile ilipata setilaiti yake ya kwanza, Palapa, ili sauti ya mji mkuu ifike katika visiwa vinavyozidi 17,000. Na mwaka 1981 matangazo ya biashara yakapigwa marufuku katika TVRI, kwa hofu kwamba watu wa mashambani wangetamanishwa vitu wasivyo na uwezo wa kuvinunua. Kituo cha kwanza cha binafsi, RCTI, kilipofungua milango yake mwaka 1989, kilikuwa mali ya kundi la makampuni la mtoto wa kiume wa rais, na kile cha TPI, kilichofuata mwaka 1991, kilikuwa cha binti yake. Hata baada ya Soeharto kujiuzulu Mei 1998, tamthilia za kila usiku ziliendelea kupigwa kwa haraka ya kuwahi kurushwa siku ya pili, zikionyesha majumba ya matajiri wa Jakarta, wakwe makatili na mabinti wanaolia, kwa lafudhi ya Jakarta. Na mtu wa Sulawesi au wa Lombok aliyetaka kujiona katika kioo kile hakujiona, isipokuwa pengine katika nafasi ya mtumishi wa nyumbani.

Katika sakata la Inul mna kinaya ambacho mtunzi wa riwaya angeona haya kukibuni. Aliyeongoza shutuma dhidi yake alikuwa Rhoma Irama, ambaye Waindonesia humwita mfalme wa dangdut, naye alimkataza Inul kuimba nyimbo zake yeye Rhoma. Na Rhoma huyo huyo aliwahi kufungiwa mlango wa TVRI kwa takriban miaka kumi, kwa kosa la kukipigia kampeni chama cha Kiislamu cha PPP katika uchaguzi wa 1977. Hakupungukiwa na wapenzi katika miaka ile, maana kaseti na filamu zake zilipita pale ambapo televisheni ilimkataza kupita. Mtu aliyeokolewa na kaseti alikuja kumhukumu mtu aliyeletwa na diski. Na wala si wanazuoni wote waliokuwa upande wake: Abdurrahman Wahid, aliyewahi kuwa rais wa nchi na kuongoza jumuiya kubwa ya Nahdlatul Ulama, alimtetea Inul hadharani, naye Mustofa Bisri, mwanachuoni wa Rembang ambaye pia ni mshairi na mchoraji, alichora picha ya mwanamke akicheza katikati ya halaka ya watu wa dini walio katika dhikri, picha iliyowakera wengi, na ambayo mimi naihesabu kuwa jibu la hekima kuliko makala yote yaliyoandikwa katika mjadala ule.

Msomaji wa pwani yetu hatayaona haya kuwa mageni. Wahadhrami waliotia nanga Lamu, Mombasa na Unguja walitia nanga pia Surabaya na Palembang, na gambusi walilolibeba likapigwa pande zote mbili za bahari. Na filamu za Bombay zilizowapa watunzi wa taarabu mahadhi ya kuazima ziliwapa watu wa dangdut mahadhi ya namna ile ile. Mwaka 2018 kikundi cha vijana wa Jakarta kiitwacho Sabyan Gambus, ambamo kwa kweli kinanda na fidla husikika zaidi kuliko gambusi lenyewe, kiliimba wimbo wa Kiarabu wa kuhimiza amani, "Deen Assalam", na video yake ikatazamwa mara mamia ya mamilioni. Nashangaa kwamba wapigaji wetu wa gambusi, ambao bado wako, hawajapata watazamaji hata sehemu ya mia ya hao; lakini hilo ni jambo la makala nyingine.

Simu zilipofika, zilikuta watu wamekwisha kujifunza. Mwaka 2010 wanafunzi wawili wa kike wa Bandung walijirekodi wakifuatisha kwa midomo wimbo wa dangdut uitwao "Keong Racun", wakawa mashuhuri kuliko mwenye wimbo; na mwaka 2011 polisi mmoja kijana wa Gorontalo, akiwa katika sare zake zamuni, alifuatisha vivyo hivyo wimbo wa Kihindi wa "Chaiyya Chaiyya", wakubwa wake wakasita kati ya kumwadhibu na kumsifu, wakamleta Jakarta kama johari, na kabla ya mwaka kwisha akaachishwa kazi kwa utoro, maana majukwaa yalimwita kuliko kambi. Michezo hii ilikuwa ya kitoto, nami sitaki kuipa uzito isiokuwa nao. Faida yake ilikuwa kuwafundisha watu wa mikoani kwamba hakuna bawabu tena mlangoni. Na waliokuja baadaye waliingia na kitu cha kuonyesha.

Katika hao, wanaonipendeza kuliko wote ni waliotengeneza filamu fupi ya "Tilik", ya mwongozaji Wahyu Agung Prasetyo, iliyopigwa katika eneo la Yogyakarta kwa fedha za idara ya utamaduni ya huko mwaka 2018, ikapata tuzo na kusahauliwa, hata ilipowekwa katika YouTube Agosti 2020 ikatazamwa zaidi ya mara milioni kumi katika majuma machache. Kisa chake chatosha katika sentensi moja: wanawake wa kijiji wamepanda lori wakisimama nyuma, wanakwenda mjini kumjulia hali mkuu wao wa kijiji, mwanamke mwenzao, aliyelazwa hospitali, na njia nzima wanamsengenya msichana asiyeolewa. Lakini katika nusu saa ile, pasipo nyota wa Jakarta hata mmoja na kwa lugha ya Kijava tangu mwanzo hadi mwisho, mna siasa zaidi kuliko katika mijadala ya wagombea. Msengenyaji mkuu, Bu Tejo, mwenye vito vya dhahabu mkononi, huonyesha picha za mtandaoni kuwa ndizo ushahidi wake. Mwenzake anamsihi asiamini kila kilichomo katika simu. Na katikati ya umbea ule, kwa wepesi wa mtu anayetoa tasbihi mfukoni, Bu Tejo anamtilia dereva fedha mkononi, kwa kuwa mumewe anautamani ukuu wa kijiji. Mwisho wa filamu waonyesha kwamba umbea ule haukuwa uongo mtupu. Watu wengi walikasirika kwa hilo, wakasema filamu imewahalalishia wasengenyaji kazi yao. Mimi naona wangeikasirikia zaidi kama ingewasomea hotuba. Msanii aliyeacha neno la kweli katika kinywa kisichoaminika amemheshimu mtazamaji wake, na akili ya namna hiyo hatukuzoea kuipata katika tamthilia za kila usiku.

Tilik haikuwa peke yake. Bayu Skak, kijana wa Malang aliyeanza kwa kuweka vichekesho vyake katika YouTube, alitoka na filamu ya "Yowis Ben" mwaka 2018, nayo pia ilinena Kijava. Didi Kempot wa Surakarta, aliyeanza maisha kwa kuimba barabarani na ambaye kwa miongo alikuwa kipenzi cha watu wazima, na hata cha Wajava wa Suriname walioishi ng'ambo ile tangu zama za Waholanzi, mwaka 2019 aligunduliwa upya na vijana walioona katika video maelfu ya watu wakilia na kuimba naye habari za kuachwa na wapenzi wao vituoni na bandarini. Wakampa cheo cha baba wa waliovunjika mioyo, na alipofariki tarehe 5 Mei 2020, alikuwa na mashabiki ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa alipotoa nyimbo zake za mwanzo. Na Ki Seno Nugroho, bingwa wa wayang, ule mchezo wa kale wa vikaragosi vya ngozi ambao vivuli vyake huangukia shuka nyeupe, alizoea kurusha maonyesho yake moja kwa moja mtandaoni. Maradhi ya korona yalipozuia mikusanyiko, alicheza nyumbani kwake maonyesho mafupi, wapenzi wake wakitazama kutoka mbali, naye akimpa nafasi kubwa Bagong, mtumishi mcheshi ambaye kwa mila ya mchezo ule anaruhusiwa kuwakemea mabwana zake. Alifariki Novemba mwaka huo huo, akiwa na miaka 48. Wale waliodhani mtandao utaimeza sanaa ya wazee wao wangepaswa kuitazama hesabu hii: setilaiti ya serikali ilikuwa na miaka zaidi ya 40 ya kuinua lugha za mikoa, na haikufanya kwa Kijava yale yaliyofanywa na mafundi hawa katika miaka mitatu. Na lugha ya taifa, ile iliyoapiwa na vijana wa mwaka 1928, haikupungua kwa hilo hata kwa herufi moja.

Sinema nayo imekula matunda ya shamba hili. "KKN di Desa Penari" ya mwaka 2022, iliyotokana na kisa cha kutisha kilichosimuliwa kwa vipande mtandaoni, ilipata watazamaji zaidi ya milioni tisa. "Agak Laen" ya 2024, ya wachekeshaji waliojulikana kwanza kwa mazungumzo yao ya mtandaoni, ilifika hapo pia. Na katuni ya "Jumbo" ya 2025 ikavuka milioni kumi. Kwa taifa ambalo sinema zake zilikuwa karibu kufa katika miaka ya tisini, hii ni neema.

Ama ubaya upo, nao si ule unaopigiwa kelele. Januari 2023 palionekana video za moja kwa moja kutoka Lombok za wanawake wazee wakikaa katika dimbwi la maji ya tope, wakijimwagia kopo baada ya kopo kwa saa nyingi, huku watazamaji wakiwatupia zawadi za mtandaoni zenye thamani ya fedha. Waziri wa mambo ya jamii akatoa waraka wa kukataza kuombaomba kwa namna hiyo. Waraka ulikuwa na haki yake. Walakini hakuna aliyeutungia waraka mtambo wa kuwachagulia watu video, uliotambua kwamba bibi anayetetemeka kwa baridi huwashika watu macho kuliko bibi anayefuma kitambaa, kazi ambayo kisiwa kile ni maarufu kwayo, na ukawapelekea watu wengi yule wa kwanza.

Maadamu mtambo huo hulipa kwa macho yaliyoshikwa, haikuwa ajabu wenye dola kuuendea. Aprili 2021 bwana mmoja wa YouTube, Atta Halilintar, wa kwanza katika Asia ya Kusini-Mashariki kupata wafuasi milioni kumi kwa kazi yake binafsi, alipooa, harusi yake ilirushwa na televisheni ya taifa zima, na mashahidi wa ndoa walikuwa Rais Joko Widodo na Prabowo, aliyekuwa waziri wa ulinzi. Watu walidhani wakubwa wamemfanyia heshima kijana. Kumbe ni wao waliokuja kuazima. Prabowo huyo katika uchaguzi wa 2014 aliingia uwanja mkuu wa Jakarta juu ya farasi, akinguruma, akashindwa. Mwaka 2019 alishindwa tena. Mara ya tatu alimwacha farasi, akachukua ngoma. Vijana wakampa jina la kudekeza, gemoy. Picha zake za katuni, zilizochorwa kwa akili mnemba na mashavu ya kitoto, zikabandikwa barabarani. Na mgombea mwenza wake akawa mtoto wa rais aliyekuwa madarakani, aliyepata nafasi hiyo baada ya Mahakama ya Katiba, ambayo jaji mkuu wake alikuwa mjomba wake kwa ndoa, kulegeza sharti la umri.

Wapiga kura walikuwa zaidi ya milioni 204, na zaidi ya nusu yao hawajafikia miaka 40. Kijana wa miaka 20 asingeweza kukumbuka kwa macho yake kwamba yule babu mchangamfu alikuwa mkwe wa Soeharto, wala kwamba aliondolewa jeshini mwaka 1998 baada ya askari wa kikosi maalumu alichokuwa amekiongoza kuwateka nyara wanaharakati, ambao baadhi yao hawajaonekana hadi leo; ni kweli kwamba hakuwahi kufikishwa mbele ya mahakama ya kiraia, na makosa ameyakanusha. Angeweza kuyasoma. Ila katika simu yake, baina ya kisa kirefu cha waliopotea na ngoma ya sekunde 15, mtambo ulijua la kumpa kwanza. Sitasema kwamba ngoma peke yake ilimpa jenerali kura zaidi ya asilimia 58, maana misaada ya chakula na baraka za rais anayeondoka zilikuwa na sehemu yake. Nasema tu kwamba masheikh na wabunge waliokesha mwaka 2003 wakipima mzunguko wa kiuno cha mwanamke wa Pasuruan, hawakukesha usiku hata mmoja kuipima ngoma hii. Na baada ya ushindi, Oktoba 2024, Raffi Ahmad, mtangazaji na mfanyabiashara wa video aliye maarufu kuliko pengine mtu yeyote katika burudani ya Indonesia, aliapishwa kuwa mjumbe maalumu wa rais kwa vijana na wasanii.

Kisha ikaja ngoma ya tatu, ambayo haikupangwa na mtu. Agosti 15, 2025, kikao cha bunge kilipokwisha na muziki kupigwa, wabunge kadhaa, na miongoni mwao waliokuwa wachekeshaji na watangazaji kabla ya kuingia siasa, walionekana katika video wakicheza, wakati huo huo habari zikiwa zimeenea kwamba kila mbunge hupewa posho ya nyumba ya rupia milioni 50 kwa mwezi, karibu mara kumi ya mshahara wa chini wa mjini Jakarta. Waliojitetea walisema kwamba walicheza kwa kuwa muziki ulipigwa, wala hawakushangilia posho, na huenda walisema kweli. Lakini waliokwisha kuishi kwa kipande cha sekunde 15 hawakuwa na mahali pa kukata rufaa. Maandamano yalianza tarehe 25, usiku wa tarehe 28 gari la deraya la polisi lilimkanyaga na kumuua kijana mmoja wa bodaboda, na picha zake zikaenea nchi nzima kabla ya alfajiri, nyumba za wabunge zikavunjwa na kuporwa, jambo nisiloweza kulitetea, posho ikafutwa, na tarehe 30 TikTok ikasimamisha kwa siku kadhaa matangazo ya moja kwa moja nchini kote. Waliopata hasara ya kwanza walikuwa wauzaji wadogo wa nguo na vipodozi ambao hufungua duka lao usiku mbele ya simu, watu wale wale ambao mwaka 2023 walifungiwa duka la TikTok kwa zaidi ya miezi miwili ili wachuuzi wa soko la Tanah Abang wapate nafuu.

Bunge lile tangu 2024 limekuwa na rasimu ya kuifanyia marekebisho sheria ya utangazaji, ambayo ingeipa tume ya utangazaji mamlaka juu ya video za mtandaoni na, kama ilivyoandikwa awali, kuzuia kurushwa kwa habari za uchunguzi. Waandishi wa habari waliandamana Mei mwaka ule, na mjadala ukaahirishwa. Ikirudi kama ilivyo, namjua atakayenaswa: ni Bu Tejo juu ya lori lake, na Bagong anayemkemea bwana, na mwimbaji fulani wa harusini ambaye bado hatujamsikia. Ikiwa waheshimiwa wanataka sheria kwa insafu, na waanze na video za kampeni, kila moja ibebe jina la aliyeilipia, na malipo ya wale wapiga debe wa mtandaoni ambao Waindonesia huwaita buzzer yafikishwe kwa tume ya uchaguzi na kuchapishwa, rupia kwa rupia, kabla ya kampeni za 2029 kuanza.